Kumbe ya Mtoto wa Kangemi

Mtoto wa miaka mitatu na ushei ameketi kizingitini mwa chumba cha mabati huko Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi. Nyanya yake mzaa mama, ambaye jamaa yote humwita Kukhu kama ilivyo desturi ya Waluhya wengi, amemkabidhi mkebe wa majani ya chai. Mtoto anautikisa mkebe, anautegea sikio, kisha anang'ang'ana na kifuniko mpaka kinabanduka. Ndani hamna majani ya chai. Mna vifungo vya nguo, vya rangi na ukubwa mbalimbali. Anamtazama Kukhu, anaangua kicheko na kutamka: "Kumbe ni vifungo!"

Kando yake, kigodani, ameketi mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, kinasa sauti kikiwa pajani. Umri wake unakaribia miaka thelathini, na karo ya muhula ule bado hajaimaliza. Siku hiyo alikuwa amekwenda Kangemi kutafuta viambishi. Tasnifu yake ilihusu namna watoto wa Nairobi wanavyojifunza kuvipachika viambishi vya nafsi na njeo katika kitenzi, mada ambayo msimamizi wake aliikubali bila mgogoro. Lakini usiku ule, alipokuwa akiyanakili mazungumzo chumbani kwake, viambishi vilimponyoka. Alikirudisha nyuma kinasa sauti mara kadhaa ili alisikie neno moja tu.

Hapana shaka kila msomaji wa kurasa hizi amewahi kufundishwa kwamba kumbe ni kihisishi. Hutiwa kapu moja na lo, ala na salaale, mwalimu akamalizia kwamba huonyesha mshangao, basi. Ni kweli, ila ni ukweli nusu. Anayesema lo huenda ameshtuliwa na radi. Anayesema kumbe amekiri mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba hapo awali aliamini jambo fulani, kwamba jambo hilo halikuwa kweli, na kwamba sasa ameng'amua. Ni neno linalomtaka mtu ayatazame mawazo yake mwenyewe ya dakika iliyopita na kuyakana. Mtu mzima hulitumia bila hata kujua kwamba amefanya kazi hiyo yote. Je, mtoto wa miaka mitatu?

Swali hilo lina historia ndefu nje ya idara za Kiswahili. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha katika jarida la Cognition majaribio ambayo yamezaa makala chungu nzima tangu hapo. Mtoto husimuliwa kisa cha mvulana aitwaye Maxi, aliyeweka chokoleti katika kabati moja akaenda zake. Nyuma yake mama akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wadogo hujibu kwamba ataitafuta pale ilipo hasa, kana kwamba wanalolijua wao kila mtu analijua. Yapata miaka minne au mitano ndipo wengi wanapotambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lililo kinyume cha ukweli. Mwaka 1987 Perner, Susan Leekam na Wimmer wakatumia kopo la peremende za Smarties lililotiwa penseli. Mtoto akishafunguliwa kopo na kuiona penseli, huulizwa: kabla ya kufungua, ulidhani mna nini? Wengi wa miaka mitatu hujibu kwamba walidhani mna penseli.

Mwanafunzi alizisoma habari za Smarties baadaye. Hata hivyo, kwa udadisi tu, siku ile alikuwa amemuuliza mtoto swali lilo hilo: "Kabla hujafungua, ulidhani mna nini?" Mtoto akajibu bila kusita, "Vifungo." Basi hapo pakawa na fumbo. Kinywa kimesema kumbe, yaani nilidhani vingine, na papo hapo kinywa hicho hicho kinasema nilidhani vifungo. Ama mtoto ana ufahamu ambao swali la watafiti haliufikii, ama amelichuma neno kwa wakubwa kabla maana yake haijaiva. Kwa vyovyote vile, Kiswahili kilimfungulia mtafiti dirisha ambalo lugha isiyo na neno moja la namna hiyo isingemfungulia. Aliandika makala. Aliyapa kurasa kumi na saba, na sehemu ya nne, ile iliyomhusu mtoto wa mkebe, aliiandika upya mara tano.

Yafaa ielezwe kwamba makala hayo hayakuwa anasa. Miongozo iliyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya mwaka 2014 iliweka sharti kwamba mwanafunzi wa uzamili awe na angalau makala moja katika jarida linalohakikiwa, na wa uzamifu awe na mawili, kabla ya kuhitimu. Nia ya sharti hilo haina kasoro. Nani asiyetaka utafiti usomwe badala ya kuozea rafuni? Walakini sharti likitangulia na majarida yakachelewa, katikati hufunguliwa soko, na habari za soko hilo zitafuata punde.

Jarida la kwanza alilolijaribu lilikuwa la Kiswahili, nalo halitatajwa hapa. Mhariri alimjibu kwa adabu zote. Kazi ni nzuri, alisema, lugha ni safi, ila mada ni ya saikolojia. Mwandishi anashauriwa kuipeleka kwa wenzetu wa elimu. Jibu hilo halikuwa la chuki, na wala si la mhariri yule peke yake. Ni mazoea ya taaluma nzima. Mwaka 1930 ilizaliwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na pamoja nayo taarifa iliyokua ikawa jarida la Kiswahili linalotolewa Dar es Salaam; Nairobi yenyewe iliwahi kuwa makao ya Kamati hiyo kati ya 1942 na 1952. Mwaka huo huo wa 1930, huko Marekani, lilianza kutoka jarida la Child Development, ambalo hadi leo ni miongoni mwa majukwaa makuu ya utafiti wa akili ya mtoto. Majarida mawili ya rika moja! Moja limeshughulika na sarufi, msamiati, ushairi na historia ya lugha. Jingine limeshughulika na namna kiumbe mdogo anavyoanza kujua. Ni nadra sana kwa mmoja kubisha hodi kwa mwenzake, ingawa kila mtoto wa pwani na bara aliyeanza kujua, alianza kujua kwa lugha fulani.

Mwanafunzi akafuata ushauri, akaanza kusoma vitabu na majarida ya hao wenzetu wa elimu. Alichokikuta kilimshangaza zaidi ya alivyotarajia, kwani nchi yake ilikuwa imejaa humo.

Barabara ya Waiyaki, ile inayoipita Kangemi, ukiiacha ikupeleke magharibi kupita Uthiru na Kikuyu, itakufikisha kwenye njia ya kwenda Ngecha, kijiji cha upande wa Limuru. Huko, kuanzia miaka ya 1960, John na Beatrice Whiting wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza malezi ya watoto kupitia kitengo cha utafiti kilichohusishwa na chuo kikuu cha Nairobi, kitengo ambacho pia kiliwafunza vijana wa Kenya kazi ya utafiti. Matokeo ya miaka hiyo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Ngecha, kilichohaririwa na Carolyn Pope Edwards na Beatrice Whiting, kikatolewa na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya Bi. Whiting kufariki. Kutoka Ngecha hadi Nebraska ni masafa marefu kwa kitabu kuyarudi. Wale waliokuwa watoto katika kurasa zake wamekuwa wazee.

Magharibi zaidi, miongoni mwa Wajaluo, Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichunguza watoto 85 na kuchapisha matokeo katika jarida la Intelligence mwaka 2001. Waliwauliza watoto kuhusu miti shamba: dawa ipi hutibu nini, hutumiwa vipi. Ikadhihirika kwamba watoto waliojua dawa hizo vizuri walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati wa kishule. Kijiji kilikuwa na akili yake na shule ina yake. Mwaka huo huo Elena Grigorenko na wenzake wakaeleza kwamba jamii hiyo ina maneno manne yanayogawana uwanja ambao Kiingereza huuita kwa jina moja: rieko, luoro, paro na winjo. Mtu hawezi kuusoma utafiti huo asijiulize Kiswahili chetu kingesema nini, kikiwa na akili, busara, hekima, werevu, maarifa, adabu na ujanja.

Na Nairobi je? Nairobi nayo imo. Mwaka 2005 shirika la John Benjamins la Amsterdam lilitoa kitabu cha Kamil Ud Deen, The Acquisition of Swahili, kilichotokana na tasnifu yake ya 2002 ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi na kuonyesha jinsi wanavyoacha kiambishi cha nafsi, pengine cha njeo, pengine vyote viwili, kabla ya kuifikia sarufi ya wakubwa wao. Ndiyo mada aliyokuwa nayo mwanafunzi wetu alipokwenda Kangemi mara ya kwanza. Maandishi ya mazungumzo ya watoto wale yamehifadhiwa katika hazina ya CHILDES, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Brian MacWhinney na Catherine Snow, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma bila malipo. Kitabu chenyewe, kinachoeleza maana ya mazungumzo hayo, hakusomeki bila malipo. Alikitafuta katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji, akapandisha hadi Westlands, asikione. Sauti za watoto wa Nairobi zilikuwa wazi. Maelezo yake yalikuwa na bei ya Ulaya.

Isidhaniwe kwamba hakuna wanaojitahidi. Huko Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walibuni kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35, wakakichapisha mwaka 2008 kwa jina la Kilifi, wala hawakuomba radhi kwa jina hilo. Leo mtaalamu huyo anafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho majengo yake ya Nairobi yako Parklands, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kangemi. Kipimo kilifanyiwa kazi kwa lugha wanazozungumza wazazi. Makala yakatoka kwa Kiingereza, kama ilivyo ada, kwani huko ndiko wanakosomwa wataalamu.

Akiwa na mifano hiyo mkononi, mwanafunzi aliyatafsiri makala yake kwa Kiingereza na kuyatuma kwa jarida moja la ng'ambo. Yalikaa miezi saba. Yaliporudi, yalikuwa na maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza aliyapenda. Wa pili alikuwa na maombi matatu. Kwanza, jina la Kenya liongezwe katika anwani ya makala, maana matokeo ya mtaa mmoja hayawezi kusemwa kuwa ni ya watoto kwa jumla. Pili, neno kumbe litolewe katika anwani na kuelezwa ndani kwa ufupi kama tamko la mshangao. Tatu, mwandishi atafute mzungumzaji asilia wa Kiingereza ampitishie lugha.

Ombi la kwanza ni la haki endapo wote wanadaiwa. Kisa cha Maxi hakikuhitaji jina la nchi. Mwaka 2017 Mark Nielsen na wenzake walipohesabu washiriki wa tafiti zilizochapishwa kati ya 2006 na 2010 katika majarida matatu makuu ya fani hii, waliona kwamba Afrika, Asia, Amerika ya Kati na Kusini na Mashariki ya Kati, zikiwekwa pamoja, hazikufikisha asilimia 3 ya washiriki. Mwaka 2020 Bobby Cheon na wenzake nao walionyesha kwamba makala kuhusu watu wa Marekani hayatajwi nchi katika anwani kwa kiwango yanavyotajwa makala kuhusu watu wa kwingineko. Wa kule ni mtoto. Wa huku ni mtoto wa Kenya. Tena si kwamba jaribio lenyewe haliwezi kuvuka bahari: mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walilifanya miongoni mwa Wabaka wa Kameruni, wakatumia kokwa za embe badala ya chokoleti, na watoto wakafikiri kama watoto wafikirivyo.

Ombi la pili ndilo lililomuuma. Kichina kina kitenzi yiwei, chenye maana ya kudhani jambo lisilo kweli. Mwaka 1999 Kang Lee, David Olson na Nancy Torrance walichapisha katika Journal of Child Language utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa Kichina hujibu vizuri zaidi pale swali linapoulizwa kwa kitenzi hicho. Tangu hapo yiwei ni mgeni anayekaribishwa sebuleni. Ana jina lake, haambiwi kwamba yeye ni tamko la mshangao. Mwanafunzi alipotafuta kumbe katika maandishi ya namna hiyo hakuliona, wala hakuona mahali palipojadiliwa kwamba wazungumzaji wengi wa Kiswahili husema "nilijua umeondoka" wakimaanisha kwamba walidhani hivyo na wakakosea. Mtafiti asiyelijua hilo akimuuliza mtoto wetu, "Maxi anajua chokoleti iko wapi?", atakuwa ameuliza maswali mawili bila kutambua, na mtoto atahesabiwa kuwa amekosa. Haya si mapambo ya lugha. Ni kosa la kipimo.

Wakati huo tarehe ya kuwasilisha majina ya wahitimu ilikuwa inakaribia. Ndipo barua pepe zilipoanza kumiminika. Zilimwita Profesa Mheshimiwa, yeye ambaye hajamaliza uzamili. Zilisifu mchango wake mkubwa, pasi na kutaja ni upi. Zilimwahidi uhakiki wa siku tatu na kuchapishwa ndani ya juma moja, mradi ada ilipwe. Majarida haya ya kinyang'anyi yanafahamika vyema vyuoni. Kila mtu huyacheka mezani na kila mtu anamjua aliyeyalipa. Ada yenyewe ilikuwa karibu sawa na karo aliyokuwa akidaiwa. Kwa kulinganisha, jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 kwamba makala kusomwa bure humo kungemgharimu mwandishi yuro 9,500, hivyo mwenye kusema kwamba tamaa iko Afrika pekee atafute ushahidi mwingine.

Alikwenda saiba moja ya ghorofani katika barabara ya Moi, kule ambako tasnifu za nusu ya jiji huchapwa na kujalidiwa, ili atume ada hiyo na makala pamoja. Kwenye meza ya jirani kijana mmoja alikuwa akiandika kwa kasi, vitabu vimefunguliwa kila upande wa skrini. Walizungumza kidogo. Kijana alikuwa na shahada ya ualimu na hakuwa na kazi. Alikuwa akimwandikia mwanafunzi wa ng'ambo, ambaye hakumjua jina, insha kuhusu Piaget na hatua za ukuaji wa akili ya mtoto. Biashara hii ya Nairobi ilikuja kuangaziwa mwaka 2024 katika filamu ya Eloise King, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi wa kivulini kama huyu. Basi wakawa wameketi bega kwa bega, wote wawili wakiandika juu ya akili ya mtoto. Kijana alilipwa ili jina lake lisionekane. Mwanamke alitakiwa kulipa ili lake lionekane.

Hakutuma. Haifai kumpamba kwa ushujaa hapa. Mtandao ulikuwa wa kobe siku ile, na alipokuwa akisubiri, aliifungua nakala yake ya kwanza, ile ya Kiswahili, akaikumbuka ahadi. Kukhu hakuwa ametia saini fomu ya ridhaa mara moja. Aliisikiliza ikisomwa, akauliza kama kibali cha serikali kipo, akaonyeshwa kile cha NACOSTI, ambao ofisi zao ziko mbele kidogo tu kwenye barabara hiyo hiyo ya Waiyaki, kisha akaweka sharti lake mwenyewe: "Ukimaliza, mwanangu, uniletee nami nione mlichoandika." Mwanafunzi alikuwa ameitikia upesi, kama watafiti wanavyoitikia. Sasa akachapisha nakala moja, kurasa kumi na saba kwa Kiswahili, akalipia, akapanda matatu.

Katika Limuru ile ile ya Ngecha, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu walipofanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, waliwasahihisha waandishi lugha na mambo ya maisha yao wenyewe. Hilo hufundishwa katika kozi za fasihi. Katika kozi za mbinu za utafiti halifundishwi.

Kukhu alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akachoka na herufi ndogo, akamwomba mgeni amsomee. Mara mbili aliuliza maana ya istilahi. Mara moja alicheka. Walipofika kwenye jedwali aliuliza, "Mjukuu wangu ni yupi hapa?" Akaonyeshwa: mtoto wa tatu. Akauliza swali ambalo hakuna mhakiki aliyeliuliza. "Sasa kitabu hiki kinasema ana akili ama hana?"

"Hakisemi hivyo, Kukhu. Kinasema jinsi anavyoanza kufikiri."

"Haya. Soma."

Ikasomwa sehemu ya nne. Mkebe, vifungo, kumbe, swali, jibu, fumbo. Mwanafunzi alisoma kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. Alipomaliza, Kukhu alikuwa amenyamaza kwa namna ya mtu anayetafuta njia ya kusema jambo bila kumwaibisha mgeni.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "ule mkebe anaujua. Vifungo vimekaa humo tangu kabla hajazaliwa. Kila siku nikishona anaufungua. Huwa tunacheza: nampa, najifanya ni chai, naye anafungua anasema kumbe ni vifungo, tunacheka. Siku ile alidhani nawe umekuja kucheza."

Mtoto, basi, hakuwa amejibu kimakosa. Aliulizwa kabla ya kufungua alidhani mna nini, naye alidhani mna vifungo, kwa sababu aliujua mkebe. Kumbe yake haikuwa ya mtu aliyegundua kosa. Ilikuwa ya mtu anayeigiza kugundua kosa, jambo ambalo, ukilitafakari, ni zito kuliko lile la kwanza. Huwezi kuigiza kudanganyika kama hujui kudanganyika ni nini. Sehemu nzima ya nne ikawa imeanguka, na nyingine isiyoandikwa ikasimama mahali pake. Wahakiki wawili wa ng'ambo na mhariri mmoja wa nyumbani wasingeweza kuliona hilo hata wangekaa na makala miaka saba. Aliyeweza kuliona alihitaji tu kusomewa kwa lugha anayoijua.

Mwanafunzi alitoa kalamu akaikata sehemu ile kwa mstari mmoja wa mshazari, ukurasa baada ya ukurasa, Kukhu akitazama kwa huruma. Alimwomba asimulie tena mchezo wa mkebe tangu mwanzo: nani aliuanzisha, mtoto alikuwa na umri gani aliposema kumbe kwa mara ya kwanza, alilisema vipi. Kukhu alisimulia hadi taa zikawashwa. Mahafali ya mwaka ule yalipita bila yeye.

Kurasa zilizokatwa alitaka kuzirudisha naye, lakini Kukhu alikataa. Alizikunja mara mbili, akazitia katika bahasha ya kaki pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto, kile chenye tarehe za chanjo na uzito wa kila mwezi, akaiweka bahasha juu ya kabati. "Hii ni yangu," alisema. "Ukisharekebisha, niletee ile nyingine."